Saa ishirini za dada

Haya jamani, nimeadimika. Wiki ya tatu hii sijaandika kitu, na wale waliodhani nimepanda ndege kimya kimya kurudi Bongo wakae wakijua bado nipo hapa hapa Ohio, baridi ile ile na maktaba ile ile. Shule imenikaba koo. Ila kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi, na lisipotoka halitaniacha niandike tasnifu. Kwa hiyo leo mtanivumilia. Ni historia tupu, na ni historia ya masikio.

Jumamosi nilikwenda kwa dada kula ugali. Dada huyu hatukuzaliwa tumbo moja, yeye ni mtu wa Tanga, alinitangulia huku Unyamwezini miaka kumi na kitu na ndiye aliyenipokea nilipofika na begi langu moja. Kazi yake ni kupima masikio ya watu na kuwavalisha shimesikio, vile vimashine vya kusaidia kusikia. Nikamkuta kaketi mezani na kompyuta, hedifoni kichwani, sufuria jikoni linatokota lenyewe.

"Dada, ni sinema gani hiyo mpaka mchuzi unaungua?"

"Sinema wapi! Somo la kizunguzungu cha wazee. Nikimaliza nikajibu maswali napata saa moja na nusu."

"Saa za nini tena?"

"Za leseni, mdogo wangu. Saa ishirini kila miaka miwili. Zikipungua hawaihuishi, na bila leseni sigusi sikio la mtu."

Nikamwambia, lakini wewe si una shahada ya udaktari wa audiolojia, miaka minne juu ya shahada ya kwanza, na mtihani wa taifa ulifaulu? Akacheka. "Ndiyo hivyo. Na aliyeanzisha mambo haya simjui. Si wewe ndiye unayesomea historia? Nenda kaniulizie."

Basi nimekwenda kumuulizia.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Marekani haina leseni ya taifa ya kazi kama hizi. Kila jimbo lina sheria yake, bodi yake, ada yake na hesabu yake ya saa. Majimbo 50 ni milango 50, na kila mlango una bawabu wake. Sisi tuliozoea wizara moja na baraza moja tunashangaa, lakini mzizi wake ni wa zamani, na kisa kinachoelezwa sana kinaigusa Ohio yetu hii.

Kulikuwa na bwana mmoja akiitwa Frank Dent, mganga katika mji mdogo wa Newburg, West Virginia, jimbo jirani. Alianza kutibu watu mwaka 1876. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 jimbo lake likapitisha sheria kwamba anayetaka kutibu lazima awe na cheti cha chuo kinachokubalika, au awe ametibu jimboni humo miaka 10 mfululizo kabla ya Machi 1881, au afaulu mtihani wa bodi ya afya. Dent miaka 10 hakuwa nayo. Cheti alikuwa nacho, kutoka chuo kimoja cha Cincinnati, hapa Ohio, cha wale matabibu walioegemea sana mitishamba. Bodi ikakitazama cheti ikasema chuo hiki hatukitambui. Bwana akaendelea kutibu, akashtakiwa, akapigwa faini ya dola 50. Akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1889 akashindwa. Jaji Stephen Field aliandika kwa niaba ya wenzake, na maana yake ni hii: kila mtu ana haki ya kuchagua kazi anayoitaka, lakini jimbo nalo lina haki ya kudai ujuzi kabla mtu hajaachiwa miili ya wenzake.

Hukumu hiyo ndiyo msingi ambao leseni nyingi za Marekani zimesimama juu yake, ya dada ikiwemo. Na mkitazama vizuri mtaona kitu kingine. Aliyeamua kwamba chuo cha Dent hakifai ni bodi, na katika vita vya nyakati zile kati ya madaktari wa shule moja na wa shule nyingine, bodi zilikuwa silaha. Sheria ilimlinda mgonjwa, kweli. Ilimlinda pia daktari wa upande mmoja dhidi ya daktari wa upande wa pili. Mambo haya mawili yameingia mlango mmoja tangu siku ya kwanza, na mtu akiniambia leseni ni la kwanza tu au ni la pili tu, mimi namwona hajasoma.

Sasa masikio. Wakati wa Dent audiolojia haikuwepo, hata jina lenyewe halikuwepo. Walikuwepo madaktari wa masikio, walimu wa viziwi, na wafanyabiashara waliouza kila namna ya pembe na mirija ya kusikilizia, baadaye mashine za betri. Taaluma yenyewe ilizaliwa na Vita Kuu ya Pili. Askari walikuwa wakirudi na masikio yaliyoharibiwa na mizinga, mabomu na injini za ndege, na jeshi la nchi kavu likatenga hospitali tatu kwa ajili yao: Deshon huko Butler, Pennsylvania, Borden huko Chickasha, Oklahoma, na Hoff huko Santa Barbara, California. Jeshi la majini likawa na yake Philadelphia.

Butler si mbali na mpaka wa Ohio. Hapo Deshon ndipo alipopelekwa Raymond Carhart, ambaye hakuwa daktari, alikuwa mtu wa taaluma ya usemi kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern. Kazi ilikuwa kumchukua askari asiyesikia vizuri, kumpima, kumfundisha kusoma midomo, na kumchagulia mashine. Kuchagua kwenyewe ndiko kulikuwa kugumu. Carhart hakuridhika na kumuuliza mtu "unasikia?" tu. Alimvalisha mashine moja, akamsomea orodha ya maneno kwa sauti iliyopimwa, akahesabu aliyoyapata. Kisha mashine ya pili, ya tatu, akalinganisha. Leo linaonekana jambo dogo. Wakati ule lilikuwa jipya, kwa sababu lilipima kile mwenye sikio anachokihitaji, maneno ya watu, badala ya mlio wa filimbi peke yake. Vita vilipokwisha akarudi Northwestern kufundisha, na jina la audiolojia likashika. Wengi wanamwita baba wa taaluma hiyo.

Hapa niseme la kwangu kidogo. Babu yake mama alikuwa askari wa Keya. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Bama, kwenye bonde la Kabaw, matope na malaria na mizinga, naye alikuwemo. Alirudi nyumbani sikio la kushoto limekufa. Mama anasimulia kwamba watoto wote wa ukoo walijua: ukitaka kuongea na babu kaa kuliani kwake, ukikaa kushoto utaambiwa huna adabu, unanong'ona. Aliishi hivyo mpaka alipofariki, zaidi ya miaka arobaini. Hakuna aliyemsomea orodha ya maneno. Nilipokuwa nasoma habari za Deshon, vitanda, walimu, mashine tatu za kulinganisha kwa askari mmoja, nilifunga kitabu nikatoka nje nikatembea kidogo. Vita vilikuwa vimoja.

Turudi. Mwaka 1947 chama cha wataalamu wa usemi, kilichoanza mwaka 1925, kiliongeza neno la kusikia kwenye jina lake. Ndicho mpaka leo kinajulikana kwa herufi za ASHA. Kwa hiyo sasa kuna watu wa vyuoni wenye jina jipya na vipimo vipya. Lakini nje ya chuo walikuwepo wauza mashine, na wale hawakukaa kimya. Mwaka 1951 walianzisha chama chao, na mkisikia walivyojiita mtacheka: Chama cha Wanaaudiolojia wa Mashine za Kusikilizia. Neno lina umri wa miaka sita na tayari linagombewa! Leseni ya sikio ilianza kama ugomvi wa jina. Mzee asiyesikia akiona kibao cha dukani kimeandikwa "mwanaaudiolojia" atajuaje kama aliyemo ndani amesoma miaka au amesoma kijitabu cha kiwandani?

Na kulikuwa na tofauti nyingine, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote hii. Maadili ya ASHA yalimkataza mwanachama kuuza shimesikio kwa faida. Anapima, anaandika ushauri, basi. Mgonjwa anauchukua ushauri wake anakwenda kwa muuzaji. Waliiga mgawanyo wa daktari na duka la dawa: anayekwambia unaumwa nini asiwe yule anayefaidika ukinunua. Wazo zuri. Kasoro yake ni kwamba muuzaji hakulazimika kuufuata ule ushauri. Mgonjwa alikuwa akitoka chuoni na karatasi inayosema mashine fulani, anafika dukani anauziwa iliyopo kabatini, halafu ikimsumbua hajui amlaumu nani. Wengine waliishia kuitia kwenye droo. (Dada anasema droo za wazee wa Ohio zina shimesikio nyingi kuliko maduka.)

Oregon ndiyo iliyotangulia kuwawekea leseni wauzaji, mwaka 1959. Yaani wauzaji walipata leseni kabla ya wataalamu! Kwa wataalamu wenyewe jimbo la kwanza lilikuwa Florida, mwaka 1969, sheria moja kwa watu wa usemi na watu wa usikivu pamoja. Majimbo mengine yakafuata mmoja mmoja, na ilichukua miongo kabla ya yote 50 kuwa na utaratibu.

Katikati ya hapo hasira ya umma ilikuwa imepanda. Tangu mwaka 1962 Seneta Estes Kefauver, yule aliyejulikana kwa kuwaandama wenye viwanda vya dawa, aliwaita watu mbele ya kamati yake kuhojiwa juu ya bei za mashine hizi. Mwaka 1973 kundi la wastaafu waliofanya kazi chini ya Ralph Nader likatoa ripoti kali juu ya biashara hiyo: wazee kuuziwa wasichohitaji, kupimwa sebuleni na mtu ambaye kula yake inategemea jibu la kipimo. Wamachinga wa masikio, mimi nawaita hivyo. Serikali kuu ikasogea, na mwaka 1977 FDA, idara inayosimamia chakula, dawa na vifaa vya tiba, ikaweka kanuni: kabla ya kununua shimesikio uwe umeonwa na daktari ndani ya miezi sita iliyopita. Ila mtu mzima aliweza kusaini karatasi ya kusema sitaki kuonwa. Mnajua wauzaji walifanya nini na karatasi hiyo. Ikawa sehemu ya fomu.

Halafu ukaja mwaka 1978 na mambo yakapinduka, kwa kesi ambayo haikuhusu masikio hata kidogo. Ilikuwa kesi ya chama cha wahandisi. Maadili yao yalikataza wahandisi kushindana kwa bei, na Mahakama ya Juu ikasema hapana, mkikaa chama kizima mkakubaliana kutoshindana, hata mkiliita jambo hilo maadili, mmevunja sheria ya ushindani. ASHA wakajitazama kwenye kioo. Katazo lao la kuuza nalo lilikuwa ni chama kuwaambia wanachama wasiingie sokoni. Wakaliondoa.

Kwa hiyo ndani ya miaka kumi hivi mtaalamu wa usikivu alipata leseni ya jimbo na akapata ruhusa ya kuuza. Aliyekuwa anajivunia kutokuwa muuzaji akawa muuzaji mwenye digrii. Nilimuuliza dada kama haimsumbui. Akanyamaza kidogo, akasema: "Inanisumbua siku ambayo nimempima mtu nikaona hahitaji kitu, na meneja anataka kujua mbona mwezi huu tumeuza kidogo." Meneja yupi na wapi, hayo ni ya kwake. Nimeona niandike tu kwa sababu hukumu ya wahandisi huwa inasifiwa vitabuni kwa kushusha bei, na pengine ilishusha, lakini sijasoma mahali palipoandikwa habari ya chumba hicho kidogo cha kupimia na mtu aliyebaki peke yake kuamua.

Haya, zile saa sasa.

Leseni ya zamani ukishaipata ulikuwa nayo. Unalipa ada, basi, mpaka uzeeke. Mwaka 1971 New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza kuwadai madaktari wake wathibitishe kuwa wanaendelea kusoma, na fikra hiyo ikaenea kwa majimbo na kwa taaluma nyingine. Kikazaliwa na kipimo chake, kinachoitwa CEU: saa 10 za darasani ni kipimo kimoja. Leo mtaalamu wa usikivu hapa Ohio anadaiwa saa 20 kila miaka miwili, sehemu yake ikiwa ni ya maadili. Texas ni 20 kwa miaka miwili pia. New York ni 30 kwa miaka mitatu. California, kama huuzi shimesikio ni 24 kwa miaka miwili, kama unauza ni 12 kila mwaka. Mkipiga hesabu mtaona ya California ni ileile, ila muuzaji anakaguliwa mara mbili zaidi, na mimi hapo nawapa tano California. ASHA nao, kwa cheti chao ambacho si leseni, wanataka 30 kwa miaka mitatu.

Kuna watu wanazicheka saa hizi, na mimi Jumamosi nilikuwa mmoja wao. Saa inapima makalio kwenye kiti. Haipimi kilichoingia kichwani. Unaweza kuliacha somo likizungumza lenyewe ukaenda kukoroga mchuzi, ukarudi kujibu maswali matano ambayo hata mimi wa historia ningeyapata matatu. Ada za masomo nazo zinaliwa na watu, ni biashara kama biashara.

Lakini fikirieni mtu aliyepata leseni yake Florida mwaka 1969, kijana, na akafanya kazi miaka 40. Alifundishwa kwamba sikio ni kama kikapu, sauti inaingia, basi. Mwaka 1978 David Kemp huko London akaonyesha kwamba sikio zima lenyewe linatoa sauti, ndogo mno, ambayo maikrofoni ikiwekwa tunduni inainasa. Jambo hilo lilikuja kuwa kipimo: mtoto mchanga hawezi kukwambia anasikia au hasikii, lakini sikio lake linaweza kukujibu akiwa amelala. Mwaka 1984 FDA ikakubali kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio kwa watu wazima, na mwaka 1990 kwa watoto. Mwaka 1993 taasisi ya taifa ya afya ikakusanya jopo lililoshauri watoto wachanga wote wapimwe. Katikati ya miaka ya 1990 shimesikio za dijitali zikaingia sokoni. Huyu bwana wetu wa 1969, kama hakuna aliyemlazimisha kukaa tena kitini, angefika 1995 akiwa anafanya nini kwa mtoto wa wiki mbili? Anapiga makofi nyuma ya kichwa chake aone kama atashtuka. Na leseni yake ingekuwa halali kabisa.

Kwa hiyo nimelegea kwenye suala la saa. Pale ambapo sijalegea ni kwenye milango 50.

Miaka fulani huko nyuma dada alihama jimbo kumfuata mumewe, majimbo siyataji. Leseni safi, saa zimetimia, hakuna malalamiko. Jimbo jipya likataka barua kutoka jimbo la zamani kuthibitisha hayo. Barua haikuja. Akipiga simu anaambiwa imeshatumwa, huku anaambiwa haijafika. Miezi minne. Miezi yote hiyo sikio ni lile lile, la kulia na la kushoto, halibadiliki ukivuka mto, lakini yeye hakuruhusiwa kulitazama. Alikuwa ghalani anabeba maboksi usiku, daktari wa audiolojia mzima, na aliyekuwa akimpangia zamu alikuwa mzee asiyesikia vizuri aliyekataa kupimwa. "Nilikuwa namwona anageuza kichwa kila nikisema," dada anasema, "na mimi siruhusiwi hata kumwambia."

Angalau hilo wameanza kulishughulikia. Kuna mkataba baina ya majimbo kwa watu wa usikivu na usemi, ambao ulitakiwa upate majimbo 10 ndipo uwe na nguvu, na ukayapata mwaka 2021. Mengine mengi yamejiunga tangu hapo, Ohio ikiwemo. Wazo ni kwamba mwenye leseni ya kwao apewe ruhusa ya kufanya kazi kwenye jimbo mwenzake bila kuanza upya. Kusaini mkataba ni rahisi, ila kuunganisha kompyuta za bodi zote hizo ni kazi iliyochukua miaka.

Kuna mambo mawili ya karibuni nimeyakuta na lazima niyataje. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya bodi ya madaktari wa meno wa North Carolina. Bodi ile ilikuwa inawatisha watu wasio madaktari waliokuwa wakisafisha meno yawe meupe kwa bei ndogo. Mahakama ikasema bodi ikijaa watu wa taaluma yenyewe, na jimbo halisimamii wanachofanya, haiwezi kujificha nyuma ya jina la serikali. Frank Dent angefurahi, amechelewa miaka 126. La pili ni la hapa kwetu. Januari 2018 Ohio iliunganisha bodi ya wataalamu wa usemi na usikivu na bodi ya wauza shimesikio kuwa bodi moja. California ilishafanya hivyo mwaka 2010. Wale waliogombea jina tangu 1951 sasa wanakaa meza moja, wanakagua saa za mafunzo kwa pamoja. Ningependa kuwa nzi ukutani kwenye kile kikao cha kwanza.

Na wakati wanapangana viti, mlango mwingine ukafunguliwa nyuma yao. Maseneta Elizabeth Warren na Chuck Grassley, wa vyama viwili visivyoelewana kwa lolote, walisukuma sheria iliyosainiwa Agosti 2017, na tangu Oktoba 2022 mtu mzima mwenye upungufu mdogo au wa kati wa kusikia anaweza kununua shimesikio dukani kama anavyonunua miwani ya kusomea. Hapimwi, haonwi na daktari, hakuna mwenye leseni katikati. Kwa watoto chini ya miaka 18 hairuhusiwi. Sababu kubwa ilikuwa bei, maana mashine mbili kwa njia ya zamani ziliweza kufika maelfu ya dola, na wazee wengi walikuwa wanaacha tu. Nilidhani dada atachukia. Hachukii. Anasema wanaokuja sasa ni wale waliokwisha kununua ya dukani ikawashinda, na wanakuja wameshakubali kwamba hawasikii, kitu ambacho zamani kiliwachukua miaka saba. Kinachompa hofu ni mwingine: mwenye sikio moja lililopungua ghafla, anayetakiwa kuwahishwa kwa daktari siku hiyo hiyo, ambaye atakwenda kuongeza sauti ya mashine ya dukani mpaka muda upite.

Jana jioni nilimpigia kumsomea haya kabla sijayaweka hapa. Alikuwa amemaliza somo la kizunguzungu na cheti kimekuja kwenye barua pepe, 0.15 ya kipimo, bado saa sita na nusu. Nilipofika kwa babu akanikatiza.

"Sikio lipi umesema?"

"La kushoto."

"Alikuwa anapiga bunduki kwa mkono wa kulia?"

Nikasema sijui, kwa nini? Akaniambia mtu akiweka kitako cha bunduki bega la kulia, kichwa chake kinageuka, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki na la kulia linakingwa na kichwa chenyewe. Mlio unaingia kushoto. Huenda haukuwa mzinga wala bomu la Mjapani, huenda ilikuwa bunduki yake mwenyewe, kidogo kidogo, kuanzia siku za mafunzo. "Hilo nililipata kwenye somo la maveterani," akasema, "saa mbili, mwaka juzi."

Nimemtumia mama ujumbe kumuuliza babu alikuwa akitumia mkono gani. Hajajibu bado, huko sasa hivi ni usiku wa manane.